Kuchomeka mbegu, kuotesha kitaluni au kufungua maji: njia ipi inafaa kurudisha mikoko ya kijiji chenu?

Vikundi vingi vya pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, hufika kwenye njia panda moja. Wanachama wapo, ofisi ya misitu imeanza kuwasikiliza, uwanda mtupu wa tope unaonekana kwa macho, na kilichobaki ni kuamua pa kuanzia. Kuna njia tatu zinazotumika sana: kuchomeka mbegu moja kwa moja kwenye tope, kuotesha miche kitaluni kisha kuihamisha, na kurudisha mzunguko wa maji ili mikoko iote yenyewe. Kila moja imewahi kurudisha msitu, na kila moja imewahi kuacha safu za vijiti vikavu. Mara nyingi walioshindwa walifanya kazi kwa bidii ileile ya waliofaulu. Walichokosa ni kuijua sababu iliyoondoa msitu na kuchagua njia inayoendana nayo.

Mkoko haungoji kupandwa. Mti mzima huangusha mbegu kila mwaka, maji hujaa na kuzisambaza, na penye nafasi zinaota. Kwa hiyo uwanda ulio jirani na msitu wenye mbegu lakini umekaa mtupu miaka kumi una kinachouzuia. Kabla ya kulinganisha njia, jiulizeni: kwa nini hapaoti penyewe?

Vigezo vya kuamulia

*Sababu ya msitu kupotea.* Palipokatwa boriti na kuni, ardhi kwa kawaida bado ni nzima. Palipojengwa mabwawa ya chumvi au tuta la barabara, maji hayaingii tena au yakiingia hayatoki. Katika hori ya Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha mchanga na udongo mwingi kutoka bara, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, miti ikafa ikiwa imesimama. Kwenye delta ya Rufiji sehemu kubwa ilifyekwa kwa mashamba ya mpunga, na shamba likiachwa huvamiwa na magugu. Hayo ni maradhi manne tofauti, na dawa yake haiwezi kuwa moja.

*Kimo cha ardhi.* Hiki ndicho kigezo kinachopuuzwa zaidi, na ndicho kinachoua miche mingi. Kila aina ya mti ina mahali pake kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa. Mlilana hukaa mbele kabisa, unakabili bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi ya miguu mingi. Kisha muia (sehemu nyingi za Tanzania huitwa msinzi) na mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kuliko wote, na huonekana upande wa nchi kavu na wakati mwingine tena mbele baharini. Mkomafi na msikundazi hupenda palipo na maji baridi (yasiyo na chumvi) ya mto. Kwenye uwanda uliolala, tofauti ya sentimita 10 hadi 15 hubadilisha idadi ya siku ambazo maji hufika kila mwezi.

Kupima hakuhitaji mtaalamu wa ramani. Tumieni mpira mwangavu ule wa mafundi ujenzi, wenye urefu wa mita 15 hadi 20. Ujazeni maji na muhakikishe hakuna mapovu ndani. Fungeni kila ncha kwenye fimbo iliyonyooka yenye alama za sentimita kuanzia chini. Simamisheni fimbo ya kwanza kwenye shina la mkoko au mchu ulio hai na wenye afya, ya pili kuelekea kwenye uwanda mtupu, kisha someni maji yalipotulia pande zote mbili. Palipo na namba kubwa ndipo chini zaidi. Sogeeni hatua kwa hatua hadi mvuke uwanda wote, mkiandika. Kazi hii huchukua asubuhi moja ya bamvua (siku za mwezi mpya au mpevu, maji yanapojaa na kukupwa zaidi). Uwanda ukionekana uko sentimita 20 au zaidi chini ya shina la mwisho la msitu upande wa bahari, huenda hapakuwahi kuwa na mikoko. Ni malisho ya samaki na ndege, au ni shamba la nyasi za bahari. Paacheni.

*Miti mama.* Je, kuna miti inayozaa juu au chini ya mkondo, ndani ya kilomita moja au mbili, na mkondo huo unafika mnapopataka?

*Watu, muda na fedha.* Hesabuni saa za maji kupwa, si siku. Siku ya bamvua ina saa tatu au nne tu za kazi.

*Mnataka nini.* Kuvunja mawimbi, kupata boriti baadaye, samaki na kaa, asali, au fedha za hewa ukaa (malipo kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu)? Kama ni kinga ya mawimbi, kumbukeni upana. Tafiti zimeonyesha kwamba ukanda wa mikoko wa mita 100 hupunguza urefu wa wimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea unene wa msitu na ukubwa wa wimbi. Safu mbili za miche mbele ya ukuta wa hoteli hazikingi chochote.

*Kibali.* Mikoko ya Tanzania Bara iko chini ya hifadhi za serikali na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kenya ni Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na kikundi huingia kupitia chama cha kijamii cha misitu na makubaliano ya usimamizi. Zanzibar mnaanzia idara ya misitu na shehia. Njia zote tatu zinahitaji kibali, ila ya tatu huhitaji mazungumzo zaidi kwa sababu mnachimba.

Njia ya kwanza: kuchomeka mbegu

*Inavyofanyika.* Inafaa miti mitatu ambayo mbegu zake huanza kuota zingali mtini na kutoa kijiti kirefu: mkoko, mkandaa na muia. Mbegu ya mkoko imekomaa pale pete ya manjano inapojitokeza kwenye kiungio cha tunda na kijiti, na kijiti kinachomoka bila kuvutwa kwa nguvu. Ya mkandaa nayo huonyesha pete hiyo. Ya muia huanguka na kikofia chake chekundu, nayo huchomekwa hivyohivyo. Zikataeni zenye matundu ya wadudu, zilizosinyaa na zilizovunjika ncha. Chumeni kwenye miti mingi tofauti, si mmoja uliozaa sana karibu na njia. Msimu hutofautiana hata kati ya hori na hori, kwa hiyo waulizeni wavuvi wa kaa. Wao huziona zikielea kabla ya mtu mwingine yeyote.

Zihifadhini kivulini chini ya magunia yaliyoloweshwa. Zinastahimili wiki moja bila shida, na wengi huziacha siku kadhaa makusudi, maana kaa huvutiwa zaidi na mbegu mbichi. Wakati wa kupanda, theluthi moja ya urefu iingie kwenye tope, ncha ya mzizi ikiwa chini. Watoto wa shule wakija kusaidia, waonyesheni kwanza ipi ni chini. Kugeuza mbegu ni kosa la kawaida mno. Ikizama sana chipukizi hufukiwa na tope, ikielea juu maji huibeba. Majani mawili ya kwanza hutoka ndani ya mwezi mmoja hadi miwili.

Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 inataka mbegu 10,000 kwa hekta, mita 1.5 inataka takriban 4,400, na mita 2 inataka 2,500. Nafasi finyu huleta miti iliyonyooka ya boriti, lakini itahitaji kupunguzwa baadaye. Kwa kukinga ufuko, mita 1.5 na mpangilio usio wa mistari hutosha.

*Gharama na nguvu kazi.* Hii ndiyo nafuu kuliko zote. Wekeni hesabu ya mbegu 60 hadi 100 kwa mtu kwa saa kwenye tope linalozamisha miguu hadi kwenye kifundo. Watu 20 kwa saa tatu humaliza kati ya 3,600 na 6,000. Vifaa ni magunia, kamba ya kupimia na mtumbwi kama uwanda uko ng'ambo.

*Inapokwama.* Kwanza ni kaa wanaokata au kuburuta mbegu kwenye mashimo yao, hasa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Pili ni mwani unaoelea na takataka za plastiki zinazojisokota kwenye shina na kulivuta chini, kwa hiyo miezi sita ya kwanza lazima watu wapite kusafisha kila baada ya bamvua. Tatu ni vijigamba vidogo vigumu vinavyojibandika kwenye shina la mche ulioko chini mno. Mkiviona vimejaa, msihangaike kuvikwangua. Vinawaambia kwamba mmepanda mahali panapokaa majini saa nyingi kupita kiasi.

Kasoro ya nne haionekani mwaka wa kwanza. Kwa sababu mbegu ya mkoko ni kubwa, rahisi kushika na inapendeza kwenye picha, watu huipanda kila mahali, hata palipokuwa pa mchu au mlilana. Ufilipino ilifanya hivyo kwa miongo kadhaa. Jamii ya mkoko ilichomekwa kwenye tope la chini, mahali pa mililana na michu, na sehemu nyingi iliyosalia hatimaye ni asilimia 10 hadi 20 tu, licha ya fedha nyingi.

*Inawafaa.* Kikundi chenye watu wengi na fedha kidogo, palipokatwa miti lakini ardhi na maji havijaguswa, na ambapo aina iliyopotea ni mojawapo ya hizo tatu. Ghuba ya Gazi, Kwale, ilipandwa upya tangu miaka ya 1990 kwenye maeneo yaliyokuwa yamekatwa na hayakujirudi, na leo kuna mashamba ya mikoko yenye miti mikubwa.

Njia ya pili: kitalu

*Inavyofanyika.* Kitalu cha mikoko si kitalu cha minazi. Kiwekeni mahali ambapo maji ya bamvua yanafika na kulowesha viriba (mifuko ya kuoteshea miche), na maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua mbili, hayafiki. Hapo bahari huwamwagilia nusu ya mwezi, nusu nyingine mnamwagilia wenyewe kwa maji ya hori. Kikiwa chini mno, viriba hujaa tope na miche hutoka na mizizi mibovu. Kikiwa juu mno, chumvi hujikusanya kwenye udongo na majani huungua kuanzia kwenye ncha. Wekeni kivuli cha makuti kinachopitisha nusu ya jua. Zungusheni wavu mdogo uliozama kidogo ardhini kuzuia kaa, na uzio wa kuzuia mbuzi.

Udongo uchotwe kwenye eneo la mikoko lenyewe. Ukiwa tope zito, changanyeni na mchanga, kwa sababu tope tupu likikauka hupasuka na kukata mizizi. Kiriba cha upana wa sentimita 10 na kimo cha 15 hubeba lita 1.2 hivi. Kikiwa kimelowa kina uzito wa karibu kilo moja na nusu hadi mbili. Izidisheni hesabu hiyo kabla ya kuahidi chochote: miche 2,500 ya hekta moja ni zaidi ya tani tatu na nusu za udongo, na zote zitabebwa kwa mikono au mtumbwi kupita kwenye tope.

Faida ya kweli ya kitalu ni aina ambazo haziwezi kuchomekwa. Mbegu za mchu hulowekwa usiku mmoja ganda litoke, kisha hubonyezwa tu juu ya udongo bila kufukiwa. Ndani ya miezi mitatu hadi mitano mche huwa tayari. Mchu hauwekwi akiba. Baada ya siku chache mbegu huoza au huanza kuota ndani ya gunia. Mlilana una kazi zaidi: tunda lililoiva na kulainika hulowekwa hadi lifumuke, mbegu zake ndogo huchujwa na kuoshwa, humwagwa kwenye kitanda cha udongo laini, na miche huhamishiwa kwenye viriba ikishatoa majani manne. Hesabuni miezi sita hadi mwaka. Wanaopanda mlilana mbele ya kijiji kinacholiwa na mawimbi hawana njia fupi zaidi ya hiyo.

Kila wiki mbili au tatu inueni viriba ili mizizi isipenye ardhini. Mwezi wa mwisho ondoeni kivuli chote. Mche ukifika sentimita 30 na shina limekakamaa, uhamisheni. Kiriba kichanwe na kukusanywa, na mhesabu vilivyotoka na vilivyorudi. Viriba vilivyoachwa kwenye tope hurudi kama takataka zinazonyonga miche ileile. Shimo liwe refu kidogo kuliko kiriba, na udongo ushindiliwe pande zote bila kuacha mfuko wa hewa.

*Gharama na nguvu kazi.* Ni ya juu kuliko kuchomeka, na ni ya kila siku. Kitalu cha miche 10,000 kinahitaji takriban mita za mraba 100 za viriba, mbali na njia za kupita, na watu wawili au watatu wanaopeana zamu hata wakati wa Ramadhani na misiba. Upande mwingine, ni njia inayoweza kuingiza kipato, na vikundi vingi vya akina mama hupata fedha kwa kuuza miche kwa miradi jirani.

Hapo pana mtego. Kitalu kikishakuwa biashara, kinachohesabiwa ni miche iliyotoka. Iliyosimama haiulizwi. Mfadhili anauliza "mmepanda mingapi", kijiji kinajibu kwa namba, na ardhi isiyofaa inapandwa mara ya tatu kwa sababu miche imeshapatikana. Ni busara malipo yagawanywe: sehemu wakati wa kupanda, sehemu baada ya mwaka mmoja kulingana na iliyo hai.

*Inapokwama.* Miche ikikaa kitaluni kupita muda kwa kungoja tarehe ya sherehe ya upandaji, mizizi hujizungusha ndani ya kiriba na mti hauji kushika ardhi. Mche uliozoea kivuli na maji baridi hufa wiki ya kwanza ukikutana na jua na chumvi. Usafirishaji nao hupasua udongo wa kiriba na kuacha mizizi wazi. Kwenye ufuko wa mawimbi, mche mrefu wenye majani mengi hung'olewa haraka kuliko mbegu iliyochomekwa.

*Inawafaa.* Wanaohitaji mchu, mlilana au mkomafi; sehemu ambako mbegu hupatikana msimu mmoja lakini wakati mzuri wa kupanda ni mwingine; kaa wanapomaliza kila mbegu; na kujazia mapengo madogo ambayo njia nyingine ziliacha.

Njia ya tatu: kufungua maji

*Inavyofanyika.* Hapa hampandi, au mnapanda mwisho kabisa. Mnatafuta kilichozuia maji na kukiondoa: ukuta wa bwawa la chumvi lililoachwa, tuta la barabara lisilo na kalvati (njia ya maji chini ya barabara), mdomo wa hori uliozibwa na mchanga, au magugu yaliyofunika shamba la zamani la mpunga.

Anzeni na wazee na wakata boriti. Mikondo ya zamani ilipita wapi? Mara nyingi bado inaonekana kama mistari ya tope laini au ya majani tofauti. Pimeni kimo kwa mpira kama ilivyoelezwa, ndani na nje ya ukuta. Kisha tobozeni ukuta pale mkondo wa zamani ulipokutana nao. Msiubomoe wote. Matundu mawili au matatu yaliyochaguliwa vizuri hushinda kubomoa mita 200, na maji yanayoingia kwa kasi sehemu moja tu hula ardhi.

Mfereji ufuate mkunjo wa asili, uwe mpana zaidi kwenye mdomo na ufinyike kuelekea ndani, na kingo zake zilale badala ya kusimama wima. Kina chake kisizidi kile cha mkondo unaoupokea, la sivyo maji yatatuama. Udongo mnaochimba msiulundike kando ya mfereji. Mtakuwa mmejenga ukuta mwingine. Utawanyeni mbali, au uzibeni nao mashimo yaliyo chini mno. Subirini bamvua moja, nendeni wakati maji yamekupwa, na mtazame palipobaki madimbwi. Madimbwi yanayokaa siku nzima juani huwa chumvi kali na huua mche wowote.

Kwenye mabwawa ya zamani, ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi iliyojikusanya, na huhitaji miezi kadhaa ya kuoshwa na maji ya bamvua kabla ya kitu kuota. Udongo wenye madoa ya rangi ya kutu na maji mekundu yanayotiririka ni dalili ya tindikali. Hapo ongezeni muda, na msipeleke mche hata mmoja mwaka wa kwanza.

Kisha hesabuni. Baada ya msimu mmoja au miwili ya mbegu, wekeni fremu za mita 5 kwa mita 5 sehemu kumi tofauti. Mkipata wastani wa miche sita au zaidi ya asili katika kila fremu, iliyosambaa, ni sawa na 2,400 kwa hekta, na hakuna haja ya kupanda. Chini ya hapo, jazieni mapengo kwa njia ya kwanza au ya pili.

*Gharama na nguvu kazi.* Gharama yote iko mwanzoni. Kwenye tope zito mtu huchimba takriban mita moja ya ujazo kwa siku ya bamvua. Mfereji wa mita 50, wenye upana wa wastani wa mita 1 na kina cha nusu mita, ni mita za ujazo 25. Watu 12 wataumaliza kwa siku mbili au tatu kwa majembe na sepeto. Lakini hekta zinazofaidika zinaweza kuwa tano au kumi, na kwa hesabu hiyo njia inayoonekana ghali ndiyo nafuu kwa hekta. Kalvati ya barabara ni habari nyingine. Hiyo ni kazi ya halmashauri au kaunti na wahandisi wake, na kijiji kinachoweza kufanya ni kusukuma na kutoa ushahidi.

*Inapokwama.* Bila miti mama karibu, mtafungua maji na kupokea tope tupu. Mbuzi na ng'ombe wakiachiwa, hula mchu wote unaochipua. Mdomo wa mfereji hujaa mchanga wakati wa kusi au kaskazi, kutegemea ufuko unaelekea wapi, na lazima uzibuliwe miaka miwili ya kwanza. Magugu ya Rufiji yasipofyekwa na kurudiwa, mbegu zinaelea juu yake na kuoza. Na angalieni upande wa pili: mnapofungua maji ya chumvi, je, kuna kisima, minazi au mpunga wa mtu nyuma ya ukuta huo? Ugomvi wa visima unaweza kuua mradi kama kaa.

Kisha kuna ugumu usio wa kiufundi. Mwaka wa kwanza hakuna cha kupiga picha. Wanakijiji huona shimo, wafadhili huona shimo, na bwawa lenyewe linaweza kuwa na mwenye hati ya kukodi anayerudi mara tu anaposikia kuna mradi. Mambo hayo yamalizwe kwa maandishi kabla ya jembe la kwanza.

*Inawafaa.* Eneo kubwa lililokatiwa maji, lenye msitu unaozaa jirani, na kikundi chenye subira ya miaka miwili hadi mitatu. Msitu unaotoka humo huwa mchanganyiko, kila mti mahali pake, na ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kusogea kuelekea nchi kavu kadiri bahari inavyopanda, mradi huko nyuma hamkujenga.

Neno kuhusu hewa ukaa

Vikundi vingi vinaanza kupanda vikitarajia malipo ya kaboni kama ya mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni, ulioanza mwaka 2013 chini ya kiwango cha kimataifa cha Plan Vivo na ambao fedha zake zimeingia kwenye maji na shule. Lakini eneo lake ni hekta 117 na sehemu kubwa ni msitu uliokuwapo tayari. Walichofanya zaidi ni kuulinda, na kupanda mivinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni kwingine. Miche ya mwaka huu haitalipa karo ya mwaka kesho kwa njia yoyote kati ya hizi tatu.

Kulingana na hali yenu

Miti ilikatwa, mashina bado yanaonekana, na miche midogo ya asili imeanza kutoka: msipande. Zuieni ukataji na mifugo kwa mwaka mmoja, hesabuni kwa fremu, kisha muamue.

Miti ilikatwa zamani, maji yanaingia na kutoka vizuri, lakini miti mama iko mbali au mkondo hauleti mbegu zake: chomekeni mbegu, mkichanganya mkoko chini na mkandaa juu kwa kufuata vipimo vya mpira.

Kuna bwawa la chumvi lililoachwa au tuta: fungueni maji kwanza hata kama miche 5,000 inawangoja kitaluni. Mkiipanda ndani ya ukuta itakufa, na iliyobaki kitaluni inaweza kujazia mapengo baadaye.

Mchanga wa mafuriko umefukia eneo, kama Mwache: pimeni kimo upya, maana ardhi imepanda. Palipokuwa pa mkoko huenda sasa ni pa mchu, kwa hiyo ni kitalu cha mchu. Kama mto bado unashusha udongo kila masika, kazi ya kwanza iko juu bara, kwenye mashamba ya miteremko.

Ufuko unapigwa na mawimbi na nyumba ziko karibu: miche ya mlilana kutoka kitaluni, ipandwe kuanzia ukingo wa miti iliyopo na kusogea nje taratibu, si katikati ya uwanda. Kama hakuna hata mti mmoja uliosalia mbele, wekeni kwanza majaribio ya miche 100 na mngoje msimu mzima wa kusi na wa kaskazi.

Mpunga ulioachwa, magugu yamefunga: fyekeni kwa vipande vya nusu hekta, chomekeni muia au mkandaa palipo wazi, na mrudie kufyeka hadi miche ipite kimo cha magugu. Eneo zima kwa mpigo halitashikika.

Kikundi ni kidogo, watu wanane au kumi, na mfadhili anataka namba: mpeni namba ya fremu. Wekeni viwanja vitano vya mita 10 kwa mita 10, mhesabu iliyo hai mwezi wa 3, wa 6, wa 12 na wa 24, na muandike kilichoua iliyokufa kabla ya kujazia hata mche mmoja. Asipokubali hesabu hiyo, chukueni fedha za hekta moja tu mnayoweza kuilinda, zilizobaki mwacheni azipeleke kwingine.